Arobaini na Moja Alitoka Mlangoni

Vijana, kabla sijawaambia lolote kuhusu ukarani wa gereza, nitoeni kwanza katika filamu ile. Yule mzee mwenye nundu, anayeandika kwa unyoya wa bundi na kuuchovya katika kikombe cha damu, si mimi. Sijawahi kuwa na nundu. Nilitumia biki ya bluu, na ilipokauka nilitumia penseli, nikaandika pembeni mwa ukurasa: «kwa penseli, kwa kukosa wino». Atakayesoma baada yako ana haki ya kujua kwa nini mwandiko umebadilika. Shikeni hilo moja, hata mkisahau mengine yote, nanyi mtakuwa makarani bora kuliko wengi niliowajua.

Mnanisimamisha sokoni hapa Kolwezi na kuniuliza, «Tata Grefye, ni kweli ukuta ilikula mutu?» Grefye ni cheo changu, karani wa daftari la wafungwa, nacho kimenigandia hata mke wangu hanijui kwa jina jingine. Nililitunza daftari la gereza dogo lililokuwa kando ya reli kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo nimeona ukuta ukivuja, ukiota kuvu, na mwishowe ukibomolewa na mvua. Sijauona ukila. Hata hivyo kuna aibu katika hadithi hiyo, nayo ni yangu, wala haina uchawi ndani yake. Mwanamke alinijia dirishani akauliza mumewe yuko wapi. Nilijua, na sikumjibu. Akaenda zake kupanda treni, nami nikaishi miaka yote iliyofuata nikiamini kwamba nilimpakia humo mjane ambaye hakuwa mjane.

Aliyenifunza kazi ni Tata Mwepu, mtu wa Lubudi, mfupi na mkali, ambaye kabla ya gereza alikuwa karani wa chumba cha taa mgodini. Mimi nilikuwa nimetoka seminari nikiwa na Kilatini kingi na akili haba. Siku ya kwanza nilimwandikia mfungwa mmoja maelezo ya mistari saba, kila sentensi imesimama juu ya mwenzake kama matofali. Mwepu akayasoma yote bila haraka, akavua miwani.

«Huyu aliiba nini?»

«Mbuzi, Tata.»

«Bon, andika mbuzi. Hii ingine yote ni ya kuimba mu kanisa.»

Ni yeye aliyeleta gerezani ubao wa visahani. Waliozaliwa juzi hawaujui, basi nieleze. Mgodini kila mtu wa shimoni alikuwa na kisahani chake cha shaba, kimegongwa nambari. Akishuka alikivaa shingoni. Akipanda salama alikitundika katika msumari wake, kwenye ubao ulio langoni. Wake wa wachimbaji walikuja pale kuusoma ubao kama wengine wanavyosoma tangazo la ndoa kanisani: kisahani kipo, mume amepanda; msumari mtupu, mume bado yuko chini. Wengi wao hawakujua herufi hata moja, lakini hakuna aliyeweza kuwadanganya kuhusu ubao ule.

Mwepu aliuchukua mtindo huo akaugeuza. Kwetu kisahani kikiwa msumarini, mfungwa yumo ndani. Akitoka kuchota maji au kufyeka, anakivaa. Akiachiliwa, karani anakitia sandukuni kwa mkono wake mwenyewe.

«Weye mwenyewe, unasikia?» aliniambia. «Usiache mutu wa mugodi aguse hii ubao. Mukono yake inajua njia ingine.»

Niliitika kama wanavyoitika wasomi, yaani bila kusikia.

Kisha ikaja miaka ya maporomoko. Kwanza liliporomoka shimo, kisha kampuni, kisha mishahara, na mwishowe wakaporomoka watu. Vijana waliojifunga majani vichwani walipita katika mitaa ya wafanyakazi wakiwaita majirani zao wadudu, bilulu, na kuwaamuru warudi kwao Kasai. Hata wale waliozaliwa hapa, wasiojua Kasai iko upande gani wa reli. Familia zikahamia stesheni zikiwa na magodoro, masufuria na vyerehani, zikingoja treni iliyokuja ilipotaka. Wezi wa siku hizo hawakuvunja milango. Aliyetamani nyumba yako alikushtaki kwanza, na ulipofungwa akaingia kwa ufunguo.

Hivyo ndivyo Kabeya alivyofika kwangu. Alikuwa mtu wa asili ya Kasai, fundi umeme wa mgodini, miaka kumi na tisa shimoni, mtu wa maneno machache. Alishtakiwa kuiba waya. Waya wenyewe haukuonekana popote, lakini mshtaki alikuwa tayari analala katika kitanda cha Kabeya na kulalamika kwa majirani kwamba godoro ni gumu. Nilimpa nambari arobaini na moja. Ili kumwachilia nilihitaji sahihi ya hakimu, na hakimu naye alikuwa na asili ya Kasai. Alikuwa stesheni, amekalia sanduku lake.

Asubuhi moja kijana mwenye majani kichwani alipiga kelele nje ya ukuta kwamba kesho watakuja kumchukua kilulu aliyebaki humo ndani. Wafungwa wengine walikuwa watano, wote watu wa hapa. Hakuna aliyewataka, hata mama zao. Nilimtazama Sajini Kaumba, mlinzi wetu wa pekee.

«Bakikuya, mi nitafungua,» alisema. «Bunduki yangu haina risasi hata moja, Tata Grefye. Nitabapiga na funguo?»

Ilipogonga saa sita akaenda kula bukari, ugali wetu wa huku, kwa shemeji yake, nyuma ya gereza, akaacha funguo zikining'inia pale zilipokuwa zikining'inia sikuzote. Nilikaa dakika kumi mbele ya daftari. Kanuni niliijua kwa moyo, nami ndiye niliyeinakili kwa mwandiko mzuri na kuibandika ukutani: hatoki mtu bila karatasi. Kisha nikatoa kisahani chake msumarini, nikaenda kufungua.

«Toka. Vaa kisahani chako. Shika ndoo hii. Ukiulizwa, unakwenda kuchota maji.»

Kabeya aliitazama ndoo. «Na maji nitamuletea nani, Tata Grefye?»

«Usirudi na maji! Usirudi kabisa. Usipite stesheni, walioko pale wanakujua. Fuata reli kuelekea Fungurume, ukapande treni huko mbele.» Treni hiyo ilisimama porini kila umeme ulipokatika, na umeme ulikatika kutwa.

Alitoka. Nilifunga tena kufuli, nikarudi ofisini, nikachungulia dirishani. Naye alipofika langoni, mbele ya ubao, mtu yule aliyekuwa na kila sababu ya kukimbia alisimama. Akavua kisahani shingoni. Akatafuta msumari wa arobaini na moja, akakitundika, akakisawazisha kwa kidole kisikae upande. Kisha akaenda zake na ndoo yake, kama mtu aliyemaliza zamu.

Mkono wake ulijua njia nyingine. Miaka kumi na tisa alikuwa akipanda kutoka chini ya ardhi na kuwaambia watu kwa kisahani: nimepanda, niko juu. Nilitaka kukimbia nikakitoe, lakini Kaumba alikuwa tayari anakuja, akijifuta mdomo.

Haikupita nusu saa, akaja mke wa Kabeya. Jina lake Ngalula. Alikuwa na binti mdogo, amemshika mkono, na kitenge kimefungwa kama cha mtu anayesafiri. Treni ilikuwa imefika. Alikuja kuagana na mumewe, au kumwombea. Kaumba akamwonyesha ubao.

«Kisahani yake iko. Basi eko ndani. Ngoja nimuite.»

Aliita. Akafungua vyumba vyote vinne, akainua mikeka. Akarudi jasho likimtoka.

«Haiko! Kufuli ilikuwa yenye kufungwa, kisahani iko, mutu haiko! Ukuta ilimukula!»

Langoni walikuwa wamesimama wawili wenye majani vichwani, wakisikiliza. Ngalula hakupiga kelele. Alikuja moja kwa moja dirishani kwangu.

«Tata Grefye, weye unajua majina yote. Bwana yangu eko wapi?»

Nilikuwa na Kiswahili, Kifaransa, Kilatini na Kiluba, na katika lugha nne sikupata neno moja. Kaumba alikuwa begani kwangu. Nilinyoosha kalamu kuelekea ubao, kama maofisa wanavyomwelekeza mtu dirisha lingine ili awaondokee, kisha nikainamia daftari. Aliutazama ubao kwa muda mrefu. Nilipoinua macho alikuwa amekwisha kuondoka na binti yake.

Kesho yake vijana wale walikuja kama walivyoahidi. Kaumba aliwapokea kwa habari ya ukuta. Mngewaona! Watu waliokuwa tayari kumchoma moto jirani aliyewatengenezea redio zao waliogopa tofali. Walirudi nyuma hatua kwa hatua, wakishika hirizi zao, na hawakuja tena.

Daftarini niliacha nafasi mbili tupu mbele ya arobaini na moja: jinsi alivyotoka, na aliyefungua. Kuandika uongo nisingeweza. Kuandika kweli sikuthubutu.

Sasa niwaeleze riwaya iliyozaa filamu ile. Baada ya miezi kadhaa tulimfunga mwalimu mmoja wa Kifaransa, siku kumi na moja, kwa kumpiga kofi mkuu wake wa shule. Kaumba, aliyekosa wasikilizaji, alimsimulia habari ya ukuta kila jioni, na kila jioni ukuta uliongezeka meno. Miaka mingi baadaye Mwalimu akatoa kitabu: *Ukuta Uliomeza*. Kurasa mia tatu. Humo karani mchawi huwauza wafungwa kwa ukuta, nao huingia ndani ya matofali na kumchimbia shaba katika mgodi usioonekana. Kisahani hutoka jasho la damu kila mtu anapomezwa. Na arobaini na moja, aliye safi wa moyo, hugeuka mwanga na kupaa.

Nimekisoma mara mbili, kalamu mkononi, kama nilivyofundishwa kusoma. Katika kurasa mia tatu hakuna mfungwa anayeona njaa. Hakuna kunguni. Hakuna anayeuliza saa ngapi. Mtu aliyekaa siku kumi na moja tu kwetu angepaswa kuwakumbuka kunguni walau kwa heshima. Lakini kosa kubwa si hilo. Katika kitabu hicho hakuna aliyejifunga majani kichwani. Hakuna aliyelala katika kitanda cha Kabeya. Ubaya wote umefanywa na ukuta na karani mmoja mwenye nundu, na msomaji wa Kolwezi anakifunga kitabu akiwa ametetemeka vizuri na kuoshwa vizuri, maana mzimu ukishatenda dhambi, hakuna jirani anayeulizwa neno.

Filamu ilikuja na pesa za wageni na mwongozaji kijana kutoka mji mkuu, mwenye kofia. Alinitafuta niwe mshauri wake. Alinipa kiti, na nyuma ya kiti paliandikwa kazi yangu, ili nidhani ninayo. Walikuwa wamejenga gereza ndani ya ghala la zamani, na kila mlango ulilia kama mtu anayechinjwa.

«Milango yetu haikulia,» nilimwambia. «Tulizipaka bawaba mawese. Mlinzi anayelala hapendi kelele.»

«Tata, mulango yenye hailie haiogopeshe mutu.»

«Na mbona kisahani kimekuwa kikubwa kama sinia?»

«Juu ya kamera, Tata. Inapashwa kuonekana.»

«Na stesheni? Watu waliofukuzwa? Sijawaona katika karatasi zenu.»

Akavua kofia, akajikuna. «Ile ni politiki. Batu banataka kuogopa.»

«Walikuwa nayo, hofu,» nilisema. «Hamkuhitaji kuwaletea nyingine ya plastiki.»

Alicheka, akamwambia kijana wa mashine ya moshi aongeze moshi. Kwa siku sita nilitoa mashauri, na katika hayo yote walifuata moja: niliwaambia mvua ikinyesha ghala lile litavuja, nao wakaleta ndoo.

Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana, baada ya misa, katika ukumbi wa zamani wa klabu ya wafanyakazi. Nilikaa safu ya mbele na kwa saa nzima nilimnong'oneza mke wangu makosa, hadi aliponibana mkono. Watu walipiga mayowe mahali palipopangwa. Arobaini na moja alipogeuka mwanga, nyuma yangu mtu alilia, nami nikaguna. Taa zikawashwa. Mwalimu na mwongozaji wakasimama mbele kupokea maswali, na katikati ya ukumbi akainuka mama mmoja mtu mzima, mnene, mwenye miwani.

«Mi naitwa Mujinga, jina ya kwetu Kasai,» alisema. «Niko mutoto ya arobaini na moja.»

Nilimwona yule binti aliyeshikwa mkono. Mwalimu, ambaye hakuwahi kukutana na ndugu yeyote wa arobaini na moja, aliweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa.

«Mama, pole sana kwa kupotea kwa tata.»

«Alipotea wapi?» Mujinga alivua miwani. «Tata alikufa mwaka jana mu kitanda yake, akigombana na sisi juu ya chumvi.»

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mwongozaji alivaa kofia yake, akaivua tena.

«Siku ile mama alionaka kisahani mu musumari,» aliendelea. «Alikuwa bibi ya mutu wa mugodi, alijua kusoma ile kintu. Akaniambia mu njia: tata yako amepanda, eko juu, twende. Sajini alikuwa analia ukuta, ukuta. Mama alikuwa anacheka mu kitenge. Tulimuokota tata pahali treni ilisimama mara ya tatu, amekaa kando ya reli, na ndoo ya jela. Ile ndoo tulichotea maji kule Kasai miaka munane.»

Vijana, nimeeleza kwamba nilikuwa na elimu. Kwa miaka yote hiyo niliona kisahani kile kuwa kosa lililomwua Kabeya machoni pa mkewe, na haikunijia hata mara moja kwamba mwanamke yule angeweza kusoma kitu ambacho mimi sikukisoma. Nilikuwa na mzimu wangu mwenyewe nyumbani, nimemlisha vizuri kuliko Mwalimu alivyomlisha wake.

«Lakini nilikuya juu ya mutu mumoja,» Mujinga alisema, akiangaza macho safu kwa safu. «Tata Grefye. Huyu munamuwekea nundu. Mama alisemaka: ule mutu alikuwa na akili. Mbele ya sajini, bila kufungua kinywa, akanionyesha ubao na kalamu, ili nijue. Mudogo wangu tulimupatia jina Grefye. Kama angali muzima, asimame.»

Mke wangu alinisukuma. Nikasimama, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Makofi hayo yalikuwa matamu. Hakuna anayempigia karani makofi. Watu walisimama juu ya viti kuniona. Hata Mwalimu alipiga, na nilimwona machoni akianza kitabu cha pili. Saa nzima nilikuwa nimedharau uongo ulioshonwa kwa ajili ya wengine. Sasa nilikuwa nimeletewa mmoja ulioshonwa kwa kipimo changu, nao ulinikaa vizuri mabegani. Ilitosha ninyamaze. Kunyamaza nilikuwa na mazoezi nako.

«Mama Mujinga,» nilisema, «sikumwonyesha mama yako kitu. Niliogopa. Nilikuwa namfukuza dirishani. Kisahani alikitundika baba yako mwenyewe kwa mazoea, nami nilipokiona nilidhani ametuua sote wawili.»

Makofi yalikufa, si yote kwa pamoja. Mujinga alinitazama, akatikisa kichwa polepole.

«Kuogopa kwako, mama alijua. Alisema kalamu ilikuwa inatetemeka mpaka hakujua unaonyesha musumari gani. Njo maana akasoma misumari yote.» Akavaa miwani. «Lakini, Tata, kufuli ilijifungua yenyewe?»

«Hapana.»

«Nani alifungua?»

«Mimi.»

«Uliandika?»

«Njoo kwangu kesho,» nilisema, «usome mwenyewe.» Kwa mwongozaji hakuna aliyeuliza neno lingine.

Mujinga alikuja kwangu kesho yake asubuhi. Daftari ninalo, gereza lilipoanza kuvuja nililichukua nyumbani, na hakuna ofisi iliyolitafuta. Nilifungua ukurasa. Zile nafasi mbili bado zilikuwa tupu, zimekuwa njano kuliko karatasi iliyozizunguka, au labda ni macho yangu. Biki yangu ilikuwa imekauka. Mujinga akatoa yake mfukoni, nyeusi, akaketi kando yangu kwenye stuli ya jikoni.

Niliandika bila haraka. *Alitoka mlangoni, saa sita mchana, kwa miguu yake, bila karatasi.* Katika nafasi ya pili, aliyefungua, niliandika jina langu kamili, ambalo mke wangu alichungulia kulisoma kana kwamba ni la mgeni. Pembeni nikaongeza: *mwandiko na wino vimebadilika kwa sababu karani alichelewa.*

Mujinga alilivuta daftari kwake. Alisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya kila neno, jinsi Tata Mwepu alivyokuwa akisoma. Alipofika mwisho akainua uso.

«Na ndoo?»

Nikaichukua tena kalamu, nikaandika: *na ndoo moja.*